Sahihi ya Mzee Breki

Mtaani walimwita baba yangu Mzee Breki, kwa sababu kwa miaka thelathini na moja alitengeneza breki katika gereji ya mtu mwingine, mgongo sakafuni, miguu ikichungulia chini ya gari. Nyumbani alibaki mwanajeshi. Kila Jumapili jioni alitupanga watoto wanne kwa urefu, akatukagua kucha, kisha akapiga pasi sare zetu za shule mpaka mkunjo wa suruali ya kaka ukasimama wenyewe. Mama alimtania, "Afande, na mimi nipange foleni?" Naye akajibu, "Wewe ndiye jenerali, mama watoto. Mimi nasubiri amri."

Naanza na hayo kwa makusudi, maana wengi wanamjua kwa jambo jingine, na jambo lenyewe ni uongo.

Jeshini alikuwa dereva wa lori. Kila asubuhi madereva waliandika kwenye daftari jina, namba ya gari na sahihi. Lakini walikuwa na mchezo wao: wakishatia sahihi, walibadilishana magari wenyewe kwa wenyewe na kuliacha daftari lilivyo, kwa sababu kulisahihisha kulitaka ruhusa ya ofisa mmoja mwenye mdomo mchafu. Siku moja rafiki yake, ambaye walikuwa chanda na pete, alimwambia goti limemvimba na klachi ya lori lake ni ngumu mno. Baba akampa lori namba tisa, akachukua lile gumu.

Darajani walishambuliwa. Dereva wa namba tisa aliruka nje akatimua mbio, akawaacha majeruhi watatu nyuma, chini ya turubai. Hakupona hata mmoja. Baba alikuwa ametangulia mbali, hakujua lolote. Daftari lilisema namba tisa ni yake. Rafiki alipoulizwa, alijibu kwa macho makavu, "Mimi niliendesha gari langu kama ilivyoandikwa." Yeye akavikwa nishani kwa kufika salama. Baba akafukuzwa kama mtoro, na tangu siku hiyo hakuna aliyempa usukani.

Kinachonichoma hadi leo ni kwamba mtu yule aliendelea kuja kwetu. Tulimwita baba mdogo. Alikuja mara ya kwanza akilia, akapiga magoti sebuleni, na baba akamwinua. Alimtaka kitu kimoja tu: aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu.

"Nikistaafu nitasema, kaka."

Akastaafu. Akaomba binti yake aolewe kwanza, asije akaaibika kwa wakwe. Binti akaolewa, akazaa, na baba mdogo bado anakuja kwetu kunywa chai na kumsifia mama mapishi. Sisi tulikatazwa kufungua mdomo. "Mkisema nyie, watasema mnamtetea baba yenu," baba alituambia. "Atasema tu. Mpeni muda." Nilimkasirikia baba pia, sifichi. Shuleni tuliitwa watoto wa mtoro, halafu nyumbani namwekea mtoro mwenyewe sukari kwenye kikombe.

Baba alipolazwa, pumzi zikiwa za kuhesabu, alimshika rafiki yake mkono. "Nikifa basi. Mbele ya watu."

"Mbele ya watu, kaka. Naapa."

Mchana ule baba alilala usingizi mzuri ambao hatukuwa tumeuona kwa wiki nzima. Siku mbili baadaye akafariki.

Mazishini uwanja wa nyumba ulijaa. Baba mdogo akasimama kuzungumza, nishani kifuani. Nikambana mama mkono. Alimsifu baba kwa ufundi wake, kwa malezi yake, kwa subira yake. Kisha akafuta macho, nami nikajua sasa limefika. Moyo ulinienda mbio kwa furaha, Mungu anisamehe, siku ya kumzika baba yangu.

"Na yale ya darajani, ndugu zangu," akasema, "mwenzetu alikuwa kijana. Aliogopa. Sisi wenzake tumeshamsamehe."

Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Mwanamke nyuma yangu akanong'ona kwamba mzee yule ana roho nzuri. Mimi nikauachia mkono wa mama.

Wabebaji walipoitwa, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kushika jeneza. Mama akainuka. Alikwenda taratibu, akaanza kumbandua vidole kimoja kimoja.

"Shemeji, achia."

"Shemeji, niache nimsindikize rafiki yangu."

"Huyu utambeba wapi?" mama akasema, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Wale watatu wa lori namba tisa uliwaacha ukakimbia."