Baba wa Dirishani

Adhuhuri, jua la Isiolo linapokaa juu ya mabati na kukataa kuondoka, mimi huwa silali na huwa siko macho. Nakaa nyuma ya kaunta ya duka langu hapa Wabera, mkabala na lango la shule, mikono juu ya gunia la maharagwe, na sauti za watoto wakisoma kwa pamoja zinanijia zikipanda na kushuka. Ng'ambo ya barabara kila kitu kinayumba kwa joto: lango, ukuta, mwarobaini, mbuzi wa mtu. Ni saa hiyo nilipomwona Dima kwa mara ya kwanza, mwaka jana, na kwa muda sikuwa na hakika kama ni mtu au ni usingizi wangu.

Alikuwa amesimama kwenye dirisha la darasa, kikoi kiunoni, fimbo mabegani, mikono miwili imening'inia juu ya fimbo. Vumbi la mnada wa mifugo lilikuwa limempaka hadi kwenye kope. Hakuita mtu wala hakubisha. Alitazama ndani kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai bila haraka, kisha akavuka barabara akaja kwangu.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam. Unatafuta nani, mzee?"

"Sitafuti. Nimemwona."

Akanunua majani ya chai na sukari, akaenda zake. Siku nyingine ya mnada akaja tena, na nyingine tena, mpaka nikamwekea benchi mlangoni, maana mimi mtu akinipita mara tatu bila kunipa habari zake naumwa. Ndipo nikajua kwamba ni Dima Waqo wa Gotu, kule nyikani, na kwamba binti yake Habibo anakaa kwa shangazi yake Kaltuma, nyuma ya duka langu, kwa sababu wafugaji wakifuata majani shule haiwafuati. Gari la Gotu huondoka kabla watoto hawajatoka darasani, na mtu mwenye mbuzi halali mjini. Kwa hiyo dirisha ndilo alilokuwa nalo.

Nilimuuliza mbona hamwiti mtoto nje wasalimiane. Akanicheka.

"Jioni mbuzi ikirudi, mimi nasimama kwa mlango ya boma. Moja moja inapita mbele ya macho yangu. Mwenye sijaona, huyo hajarudi. Sasa huyu mtoto yangu halali kwa boma. Namwona hapa, halafu naenda kulala."

Nikatazama lango la shule. Nina binti katika darasa hilohilo, Ivy. Kila asubuhi nilikuwa namsukuma avuke barabara huku nikimfokea juu ya soksi. Macho hayana pazia, wanasema, lakini yangu yalikuwa na duka zima mbele yake.

Januari, watoto walipoingia Gredi ya Tatu, akaja Mwalimu Karambu kutoka Meru, mwembamba, mwenye viatu vilivyokataa kushika vumbi. Wiki ya kwanza alituita wazazi wote darasani, akatukalisha kwenye madawati ya watoto wetu, akatusomea taratibu za darasa lake. Vitabu vifunikwe. Kazi ya nyumbani itiwe sahihi na mzazi au mlezi aliyeiona kweli. Mtoto asipokuja, mzazi aseme kwa nini. Peremende zisivuke lango, na hapo aliniangalia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeumba sukari. Halafu zikaja tatu za mwisho. Mzazi asisimame dirishani, kwa sababu kichwa kimoja kikigeuka vyote vinageuka. Siku ya wazazi ni siku ya kufunga shule. Na kengele ikilia, lango linafungwa, na likifungwa limefungwa.

Tulinung'unika vizuri sana. Sisi watu wa mjini tunajua sheria ni nini: ni bei ya kwanza. Muuzaji anaitaja ili mpate pa kuanzia, na anayeilipa ilivyo ndiye mjinga wa soko. Nilitoka pale nikiwa nimeshaanza kupanga maneno nitakayomwambia Lowoi, bawabu wetu, siku nitakayochelewa.

Dima hakunung'unika. Alikuwa amekaa kwenye dawati la Habibo, magoti yakikaribia kidevu, akimsikiliza mwalimu mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesimuliwa habari za kwao. Alipovuka kuja dukani uso wake uling'aa.

"Mama Ivy, huyo mwalimu ni abba herega."

"Ni nini hiyo?"

"Baba wa zamu, kwa kisima. Sisi Waborana, maji ya kisima iko na mwenyewe wa kupanga. Leo ni ng'ombe ya huyu, kesho ni ngamia ya yule. Kama zamu yako imepita, imepita. Hakuna kelele. Kisima bila abba herega ni vita tu." Akatikisa kichwa kwa raha. "Sijajua shule pia iko na yeye."

Tangu siku hiyo hakukanyaga tena chini ya dirisha lile. Alikuja kila siku ya mnada, akakaa kwenye benchi, akafumba macho. Adhuhuri ilitupata wawili, mimi nyuma ya maharagwe na yeye mlangoni, tukielea katika sauti za watoto zilizovuka barabara pamoja na joto. Nilimtania.

"Sasa unaona nini hapo, mzee, na macho umefunga?"

"Sioni. Nangoja zamu yangu." Kisha, baada ya kitambo, "Lakini silali vizuri, Mama Ivy."

Aliyasema bila kulalamika, na nilimhurumia.

Shule ikafungwa Aprili, akaja kabla ya jua kuchomoza kumchukua mtoto wake. Mvua ikanyesha. Isiolo ikawa na harufu ya udongo, na milima ya upande wa Leparua ikasogea karibu, kama inavyofanya hewa ikioshwa. Halafu shule ikafunguliwa tena, muhula wa pili, na asubuhi hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza.

Lango letu lina desturi yake. Ukichelewa, Lowoi anatoa pua kwenye kitundu na kukuambia, "Rudi term ya tatu." Unacheka. Unamsalimia kwa jina la ukoo wake wa Kiturkana, unamtajia ugonjwa, anakugombeza kidogo, anafungua. Nimeambiwa nirudi muhula wa tatu mara nyingi kuliko nilivyoambiwa karibu.

Kengele ilikuwa imelia zamani Dima na binti yake walipotokea. Matope yalikuwa yamewafika mapajani. Habibo alikuwa na sweta mpya na mkoba kichwani. Nilikuwa napokea mikate kutoka kwa mwenye pikipiki, nikamsikia Lowoi.

"Rudi term ya tatu, mzee."

Dima alisimama. Aliondoa mkono wake langoni polepole.

"Haya," akasema. "Ni haki."

Akauchukua mkoba wa mtoto akauvaa yeye begani, akamshika mkono, wakageuka. Nilidhani wanaenda kwa Kaltuma kunywa chai mpaka Lowoi achoke kujifanya mkubwa. Nikarudi kwenye mikate yangu.

Kumbe Kaltuma naye alidhani mvua imewazuia Gotu. Wiki ikapita. Ijumaa Mwalimu Karambu akavuka barabara, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniuliza kama nimesikia lolote kuhusu Habibo. Nilipomweleza, akamwita Lowoi. Lowoi akashika kofia kwa mikono miwili.

"Lakini mwalimu, hiyo huwa naambia kila mtu. Hakuna mtu huenda."

"Huyu ameenda," mwalimu akasema.

Akakaa kwenye benchi la Dima. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Msichana akikaa na mbuzi muhula mzima, mbuzi humzoea, na mama yake humzoea, na mwakani anakuwa na mikono ya kazi. Tumewaona wengi wakienda kwa mvua moja tu, na madawati yao yakapewa wengine. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, lakini huu ulikuwa umetengenezwa kwa ajili yangu mimi na soksi za Ivy, na ulimkata mtu pekee aliyeuheshimu.

Simu ya Dima haikupatikana. Kwa hiyo Jumamosi Kaltuma na Mwalimu Karambu wakapanda lori la mifugo, na mimi nikafunga duka nikawafuata, jambo ambalo silifanyi hata msiba ukiwa wa karibu. Sitajifanya nilikuwa na kazi huko. Nilitaka kuona.

Njia ya Gotu baada ya mvua si njia ya dunia hii. Nyika ilikuwa imevaa kijani usiku mmoja, na vipepeo weupe waliinuka mbele ya lori na kutua nyuma yake, kilomita baada ya kilomita. Tulivuka lagha tatu, mikondo ya mchanga ambayo mvua huigeuza mito. Katika ile ya mwisho maji yalikuwa bado yanatembea, na viatu vya Mwalimu Karambu vikaisha hapo.

Dima alitupokea kama watu waliotarajiwa. Maziwa yalitolewa kwenye kibuyu chenye harufu ya moshi, tukaulizwa habari za mvua, za mifugo ambayo hatuna, za wagonjwa. Habibo alikuja nyuma ya wana-mbuzi. Alikuwa amevaa lile sweta la shule, limeshanasa miiba. Alimwona mwalimu wake akasimama palepale, na hakuna aliyemwambia aje wala aende.

"Mzee Dima," Mwalimu Karambu akasema, "nimekuja kuchukua Habibo. Lango iko wazi."

"Asante, mwalimu. Umetembea mbali." Dima alitazama chini. "Lakini zamu yetu imepita. Tutakuja term ya tatu, vile tumeambiwa."

"Lowoi alikuwa anafanya mzaha."

"Lango si ya mzaha. Wewe mwenyewe ulisema, likifungwa limefungwa, na mimi nilifurahi. Sasa ukifungulia mtoto yangu kwa sababu umemhurumia, kesho utafungia mtoto ya nani? Hapo umekuwa abba herega gani?"

Nilifungua mdomo kumwambia kwamba sheria ile haifuatwi na mtu yeyote Wabera nzima. Mwalimu akaniangalia kwa jicho lile la peremende, nikaufunga. Kaltuma alikuwa akichora mchanga kwa kidole. Nilimwona Habibo akishika sikio la mwana-mbuzi na kuliachia, akilishika na kuliachia.

Mwalimu aliweka kibuyu cha maziwa chini.

"Kwa kisima," akauliza mwisho, "kama mtu amekosa zamu kwa sababu maji imemfungia njia, anafanyiwa nini?"

"Huyo anakuja mbele ya abba herega. Anasema ni nini imemshika. Abba herega anasikia. Kama ni ukweli, anapewa maji jioni, wengine wakimaliza."

"Na mbona wewe hukuniambia ni nini imekushika?"

Dima alimtazama kwa upole.

"Mwalimu, lango haina masikio."

Mwalimu Karambu alivua vilivyobaki vya viatu vyake, akaketi chini kwenye matope, mbele ya Dima.

"Mimi niko nayo," akasema. "Niambie."

Basi Dima akasimama, akaegemea fimbo yake, akaeleza kama mtu aliye mbele ya baraza. Kwamba walitoka usiku ili wawahi. Kwamba lagha ilishuka na mti mzima ndani yake, wakangoja ukingoni mpaka maji yakawa ya kifua, akamweka mtoto mabegani na mtoto akaweka mkoba kichwani. Kwamba katikati aliteleza, na Habibo hakupiga kelele, alimwambia tu baba yake, "Aabo, kitabu." Kwamba kitabu hakikulowa. Mwalimu hakumkatiza hata mara moja.

"Nimesikia," akasema alipomaliza. "Ni ukweli. Utapewa maji jioni."

Dima alivuta pumzi ndefu. Hakutabasamu, aliinamisha kichwa tu. Tulipogeuka, Habibo hakuwapo tena kwa wana-mbuzi. Alikuwa ameshasimama kando ya lori na mkoba wake.

Tangu hapo Lowoi haambii mtu arudi muhula wa tatu. Anatoa pua kwenye kitundu na kuuliza, "Ni nini imekushika?" Mwalimu Karambu alipita kwa mwalimu mkuu mpaka likakubaliwa. Hakuna jambo lililotuchukiza zaidi, maana kubembeleza ni rahisi kuliko kusema kweli. Wiki iliyopita nilisimama pale na Ivy mkononi nikakiri, mbele ya bawabu na watu wa boda, kwamba nililala tu.

Na sheria ya dirisha bado ipo. Dima anaifuata. Siku ya mnada iliyofuata alikuja akakaa kwenye benchi, akafumba macho, adhuhuri ikatufunika, na sauti za watoto zikaanza kupanda na kushuka. Nilikuwa karibu kuzama ndani yake nilipoona bawa la dirisha la Gredi ya Tatu likisukumwa kutoka ndani. Habibo akajitokeza, mikono juu ya kizingiti. Nyuma yake Mwalimu Karambu aliendelea kusomesha kana kwamba hajaona kitu. Taratibu zake zinamkataza mzazi kusimama dirishani. Hazisemi neno juu ya mtoto.

"Mzee," nikasema, "fungua macho."

Walitazamana kupitia vumbi na joto, kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Hakuna aliyepunga mkono. Kisha dirisha likarudi mahali pake, naye Dima akainuka, akatafuta fimbo yake, na alikuwa akipepesa macho sana.

"Umemwona?" nikamuuliza.

"Hapana, Mama Ivy. Leo ni yeye ameniona mimi."

Akaenda kutafuta gari la Gotu, akalale.