Zamu wa Karatasi Mbili

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha uchapaji hapa Gisenyi sikuigusa mashine. Shefu wa karakana, Mkongomani mnene mwenye koti la buluu, alinikabidhi rama moja, yaani karatasi mia tano, akaniambia nizitenganishe kwa mikono. Nilidhani ananidharau. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kuletwa upande wa mashine, na kwa kuwa baba yangu alikuwa fundi cherehani mjini, kila mtu alitarajia nishike sindano. Nilizichambua mbiombio, nikamwendea nikiwa nimejaa sifa.

"Bado, Zaina," akasema. "We unapanga karatasi sawa vile mutu anapanga majani ya sombe ku soko. Karatasi inataka hewa. Kama hewa haiko katikati, zitashikana, na mashine itabeba mbili. Bon, rudia."

Nikarudia hadi saa kumi jioni. Namna yenyewe ni hii: unashika fungu dogo kwa ncha mbili, unalipinda, unaliachia, na hewa inaingia. Halafu unaligonga mezani ukingo kwa ukingo mpaka liwe sawa kama tofali. Vijana hucheka nikiwaonyesha. Wacheke tu, kwa maana mashine nayo hufanya hivyo hivyo, ila kwa chuma na upepo.

Kazi yangu kwa miaka yote ile ilikuwa upande wa kulishia. Rundo la karatasi hukaa juu ya meza inayopanda kidogo kidogo. Vipulizi vya pembeni huingiza upepo ili karatasi ya juu iachane na ya pili. Kisha hushuka vikombe vidogo vya mpira, tulivyoviita vantuzi, vikainyonya na kuinyanyua peke yake. Mikanda huipeleka mbele mpaka igonge vizuizi na kunyooka, ndipo koleo za chuma huikamata na kuiingiza kwenye wino.

Huko mwisho wa mashine, minyororo huitoa na kuiangusha juu ya rundo jingine. Unga mwembamba hunyunyizwa hapo, ili wino mbichi usichafue mgongo wa karatasi inayofuata. Mpokeaji husimama akisawazisha rundo na kuchomoa karatasi mbovu. Kwetu mpokeaji alikuwa mzee Matayo wa Mahoko, mtu mrefu, mpole, aliyeweza kujua kwa kidole tu kama rundo limekaa upande.

Adui zetu walikuwa wawili. Mmoja ni unyevu wa ziwa, unaofanya kingo za karatasi zijikunje kama sambusa. Wa pili ni vumbi la volkano, linaloziba midomo ya vantuzi. Kwa hiyo sheria ya shefu ilikuwa kwamba karatasi mpya zikae siku mbili chumba cha mashine zikiwa bado zimefungwa, zizoee hali ya pale, ndipo zifunguliwe.

Zaidi ya hayo kulikuwa na gurudumu dogo, si kubwa kuliko kifungo cha koti, lililokaa juu ya njia ya karatasi. Ikipita karatasi moja, halina neno. Zikipita mbili pamoja, zinaligusa, linazunguka, na mashine yote inasimama. Sisi tuliliita zamu, kama tunavyowaita walinzi wa mageti.

"Mutu anaweza kulala," shefu alizoea kusema. "Zamu, hapana."

Shefu alipostaafu, mimi nikapewa mashine kubwa, na akaja mkurugenzi aliyerejea kutoka Tanzania. Kiswahili chake kilikuwa kitamu, na mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Ila alitundika ubao ukutani, na kila jioni akaandika juu yake mashine ya kila mmoja imesimama mara ngapi.

"Dada Zaina," aliniambia siku moja mbele ya wote, "mashine yako inaongoza kwa kusimama. Tatizo ni mashine au ni mtu?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Wiki ile tulikuwa tunachapa vitabu vya nyimbo vya kwaya moja ya Cyanzarwe, iliyokuwa inajiandaa kwa sherehe ya kufungua kanisa lao jipya. Mvua ilikuwa haikatiki, na kwa ajili ya haraka karatasi zilifunguliwa siku ile ile zilipofika. Zamu alikuwa anasimamisha mashine kila baada ya dakika chache. Nikachukua kipande cha karatasi, nikakikunja mara nne, nikakisokomeza chini ya mkono wa gurudumu, likabaki limeinuka juu bila kugusa kitu. Siku ile mashine haikusimama hata mara moja. Mkurugenzi alinipongeza, nami nikapokea pongezi zile kama zangu.

Baada ya sherehe, kiongozi wa kwaya alikuja na vitabu kikapuni. Akafungua kimoja: wimbo unakwenda vizuri, unageuza, ukurasa mweupe.

"Tuliimba mupaka hapa," akasema, "na nusu ya kwaya ikanyamaza mbele ya wageni. Watu walicheka. Ndani ya kanisa!"

Karatasi zilipita mbilimbili. Ya juu ilipata wino, ya chini ikatoka nyeupe upande mmoja, imegandamana na mwenzake, na kwa kasi ile hakuna mpokeaji ambaye angeiona. Lakini mkurugenzi hakuwa fundi. Alichojua ni kwamba kuchomoa karatasi nyeupe ni kazi ya mpokeaji.

"Mzee wangu, macho yamechoka," alimwambia Matayo, na akamwachisha kazi siku ile ile. Matayo alikuwa na watoto watatu shuleni. Alinitazama mara moja, akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tano tu kutoka pale. Kile kipande cha karatasi nilikuwa nimeshakitoa, kiko mfukoni mwangu. Nikakisukuma chini zaidi kwa kidole.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, ilinifikisha mpaka kustaafu. Nilifanywa msimamizi wa karakana, nikafundisha wengi, na sikumruhusu yeyote kumgusa zamu, waliniita mkali. Mashine za siku hizi hazina gurudumu, zina jicho la umeme, lakini jicho nalo huzimwa kwa kidole kimoja, na ninawaambia hivyo ninyi mnaozishika leo. Siku ya kuniaga, wakasimama kunisifu kwamba kwangu karatasi mbili hazikupita kamwe. Niliona haya kuishika zawadi yao.

Juma lililofuata nilikwenda Mahoko. Mzee Matayo alikuwa mbele ya nyumba akichambua maharage. Alinipa kigoda, akaniuliza habari za nyumbani. Nikamweleza yote bila kuzunguka. Aliendelea kuchambua maharage yake.

"Nilijua," akasema. "Nilikuona siku ile ulikunja kale ka karatasi."

"Mbona hukusema, mzee?"

"Ilikuwa yako ya kusema, Zaina. Mi nilikungojea. Ile siku nilitembea polepole, polepole sana, mupaka ku portail. Nilisema labda ataniita."

Ni kweli alitembea polepole. Nilimwona. Nilikuwa dirishani, nikangoja mpaka geti likafungwa, kisha nikarudi kuwasha mashine.