Jiwe Lililonong'ona Kwenye Beseni

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anasomea miamba chuoni. Likizo ile alikuja kwetu Rau, akatumbukiza jiwe la kijivu kwenye beseni la kumwogeshea mwanangu.

"We! Hilo beseni la mtoto!"

"Tulia, shemeji. Sikiliza."

Jiwe lilitoa povu, na sauti kama mtu anayenong'ona chini ya blanketi. Likaachana tabaka kwa tabaka mpaka maji yakawa uji.

"Hili ni tope la kale lililogandamizwa likawa mwamba," alisema. "Likiwa kavu ni gumu. Likinywa maji linarudia utope wake."

"Umelitoa wapi?"

Akaonyesha rundo la mawe nyuma ya nyumba. Yale ni mabaki ya mawe ya msingi wa nyumba yetu, ya bei poa, ambayo mume wangu alijisifia kuyapata.

Nikampigia simu mume wangu kazini, nikamweleza. Akacheka. "Mke wangu, unaogopa jiwe?"

Usiku ule matone ya kwanza ya mvua yalipogonga bati, nilisikia mnong'ono uleule chini ya kitanda cha mtoto. Sikungoja ukuta uanguke ndipo mume wangu aamini. Nilimbeba mwanangu, nikapanda mlima kwenda kwa mama mkwe. Mume wangu abaki alale na mawe yake.