Zamu ya Mchana Nasarini kwa Wakiuru

Ukipita Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, miaka ile ya themanini mwanzoni, ungelisikia darasa la Teresiah Wakiuru kabla hujaliona. Nasari nyingine za watoto wadogo mtaani zilikuwa na wimbo mmoja, a, e, i, o, u, na mwalimu mmoja mwenye fimbo. Kwa Wakiuru palikuwa soko. Huyu anauza sukumawiki ya majani ya miti, yule anasaga tofali liwe pilipili, na wengine wamepiga magoti kwenye tope wakibishana kama maji yakimwagwa huku juu yatafika kule shimoni. Mwalimu mwenyewe, mama mnene mwenye kicheko cha kuamsha wagonjwa, alikuwa amekaa katikati yao, leso imelowa, akibishana kuwashinda wote. Mchezea tope humrukia, na yeye lilimrukia kila siku.

Hakuisomea kazi hiyo, wala hakuona haya kusema hivyo. Alikuja Nairobi kutoka Murang'a kumfuata mumewe, Irungu, fundi wa vitanda vya chuma. Majirani waliokuwa wakienda vibaruani wakaanza kumwachia watoto, leo mmoja, kesho wawili, hata chumba chake kikafurika na kanisa likamwazima jumba lake la mabati siku za katikati ya juma. Mwanzoni naye alishika chaki na fimbo kama wenzake. Watoto wakasinzia. Siku moja alipochoka kuwaamsha aliwatoa nje, na huko mtoto mmoja akamuuliza kwa nini kivuli chake kimekuwa kifupi kuliko asubuhi. Wakiuru akaokota kijiti. Basi wakashinda nje, wakichora mchangani kivuli cha nguzo ya kamba ya nguo kila kiliposogea, mpaka jua likageuka. Jioni alimwambia Irungu kwamba leo ndiyo mara ya kwanza amesoma. Kuanzia hapo fimbo ikawa ya kukorogea uji.

Mchezo uliokuja kumtia matatani hakuubuni yeye. Watoto waliutoa nyumbani kwao. Kila alfajiri baba zao walitembea hadi viwandani, wakasimama nje ya lango wakimngoja nyapara achague wa kufanya kibarua siku hiyo, na wengi walirudi mikono mitupu. Watoto waliyajua hayo kuliko walivyoijua sala ya Baba Yetu. Wakalaza benchi likawa lango, wakaokota vizibo vya soda, na Benta, binti ya Johnson Shitanda, akawa nyapara. Mwenye kupewa kizibo aliingia kazini kubeba mchanga na kupanga mawe. Aliyekosa alirudi kwa mkewe kwenye kona ya kalongolongo, mchezo wao wa baba na mama, ambako sufuria za matope zilikuwa zikimngoja, akasema leo hakuna kitu. Wakiuru aliwaacha, maana watoto walioshindwa kuhesabu hadi tano mbele ya ubao, langoni pale walijua mara moja vizibo vilivyobaki ni vingapi na waliowatangulia ni wangapi.

Asubuhi moja Shitanda alikuwa akirudi kutoka viwandani, amekosa kazi kwa mara nyingine, akasikia sauti ya bintiye akachungulia mlangoni. Alikuwa mtu wa Kakamega, mpole, mwenye maneno machache. Akamwona kijana mdogo, Mutisya, amevaa koti linaloburura chini, akisema yeye ni Baba Benta na anaomba kazi. Benta alimtazama juu hadi chini akamwambia arudi kesho. Mutisya akainamisha mabega, akageuka kwa mwendo wa mtu mzima aliyechoka, na darasa zima likacheka, kwa kuwa kijana alikuwa amemwiga barabara. Wakiuru naye alicheka. Alipoinua macho alikutana na ya Shitanda. Yule baba akaingia, akamshika mtoto wake mkono, akaondoka naye bila salamu.

Maneno hayana mguu lakini hutembea. Kabla ya juma kwisha mtaa wote ulikuwa unasema kwamba Mwalimu anawafundisha watoto kuwadharau wazazi. Mzee Phares, aliyekuwa msimamizi wa jumba la kanisa, akaita wazazi siku ya Jumamosi na kuwaambia waje na watoto. Shitanda alikuwa ameshamwombea Benta nafasi katika nasari ya ng'ambo ya reli, na wengine walikuwa wakingoja kuona yeye atafanya nini ndipo wamfuate.

Mkutano ulipoanza, Mzee Phares alimwomba Wakiuru ufunguo wa jumba, akauweka juu ya meza. Akasema bila kuzunguka kwamba mtoto atatakiwa kusoma na kuandika akienda darasa la kwanza, hataulizwa habari ya vizibo. Mwalimu akikubali kuacha michezo na kurudi kwenye ubao, atachukua ufunguo wake. Akikataa, Jumatatu jumba lina mwalimu mwingine. Kisha akampa Shitanda nafasi ya kusema, kwa kuwa yeye ndiye aliyeumizwa.

Shitanda alisimama.

“Mwalimu, aibu ya langoni naiweza, kwa sababu kule niko peke yangu,” alisema. “Mtoto nilimleta kwako asahau hilo lango. Wewe unamwonyesha pahali pa kusimama.”

Wakiuru alikuwa amekuja na hasira zake na hoja zake, kuuliza si ujinga na kadhalika, lakini maneno ya yule baba yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya haki. Alikuwa amecheka. Mtu anarudi nyumbani bila unga, anakuta darasa linamcheka na mwalimu akiwa miongoni mwao. Aliinuka akamwomba msamaha mbele ya watu wote, na aliuomba kwa moyo. Halafu akaongeza kwamba ana ombi moja. Baba Benta aliondoka mchezo ukiwa katikati. Wautazame hadi mwisho, na baada ya hapo wakitaka ufunguo, watabaki nao.

Mzee Phares alikunja uso, ila hakukataa.

Watoto hawakuhitaji kubembelezwa. Benchi likalazwa, foleni ikapangwa, Benta akashika vizibo. Wazazi waliona yaleyale waliyosikia: huyu amepata, huyu amepata, na ghafla mikono ya nyapara ikawa mitupu na kundi zima likabaki nje. Akina baba kadhaa wakatazama sakafu. Waliokosa wakaenda kuketi na wake zao jikoni, na waliopata wakabeba mchanga.

Kisha Benta akaweka viganja mdomoni akalia kama king'ora cha kiwanda. Waliokuwa kazini wakaacha mawe yao, wakatoka langoni, na kila mmoja akampa kizibo chake mmoja wa wale waliokosa. Hao wakaingia wakachukua mchanga pale ulipoachwa. Mutisya naye akaingia, koti likiburura, akasema kwa sauti ya bashasha kwamba jioni atarudi na unga.

Shitanda aliuliza ni nani aliyewafundisha hivyo, na macho yake yalikuwa kwa Wakiuru. Wakiuru alitikisa kichwa.

“Hakuna mtu,” alisema Benta. “Huyu Nerima alikuwa analia kila siku akikosa. Tukajaribu kukata vizibo, vikakataa. Basi tukakata siku nusu kwa nusu.”

Mama mmoja nyuma akacheka huku akifuta macho kwa ncha ya leso. Mzee Phares alikohoa, akamgeukia Shitanda akamwambia neno ni lake, aseme watoto wabaki au waondoke.

Shitanda alivua kofia, akapita katikati ya wazazi, akaenda kusimama nje ya benchi, nyuma ya watoto ambao hawakufika kiunoni mwake. Mchezo ukaanza upya. Benta akagawa vizibo kwa zamu bila kupendelea mtu, na alipofika kwa baba yake vilikuwa vimekwisha.

“Baba, vimeisha,” akamwambia. “Ngoja zamu ya mchana.”

Akangoja. Alichuchumaa kwenye kona ya kalongolongo, akapewa na mkewe wa miaka mitano uji wa matope, akaunywa kwa heshima zote. Mzee Phares aliuchukua ufunguo mezani akaenda kuutia mkononi mwa Wakiuru, naye Wakiuru akaupokea bila kuutazama, kwa kuwa hakutaka kukosa kuona.

King'ora kikalia. Kule viwandani, nyapara hakuwa na haja ya majina. Aliita watu kwa shati, wewe wa bluu, wewe mrefu, na kwa miaka yote aliyosimama pale Shitanda hakuwahi kusikia akiitwa vinginevyo. Benta alipanda juu ya benchi, akanyoosha mkono wenye kizibo alichokabidhiwa na mmoja wa waliotoka, na kwa sauti iliyofika barabarani akasema, “Johnson Shitanda, ingia.”