Siku Nilipofunga Banio kwa Maganda ya Kahawa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa koleo, buti zilizonizidi miguu na ufunguo wa banio. Banio ni lango la chuma linaloingiza maji ya mto kwenye mfereji mkuu, nami nilikuwa mgawa maji wa mji wetu mdogo ulio bondeni, chini ya mlima Oldeani. Wakati huo mji ulikuwa maduka manne, kanisa, msikiti na mnada ambako wafugaji walileta ng'ombe. Ninyi vijana mnaoona leo nyumba za wageni na malori ya vitunguu, jueni kwamba vyote vimenyweshwa na mfereji ule.

Kazi ilikwenda kwa zamu. Kila shamba lilikuwa na saa zake kwa juma. Mwenyekiti wa Maji, mzee mkali mwenye sauti ndogo, alinionya mapema: "Bwana Baha, hapa ukimtukana mtu atakusamehe. Usimkoseshe maji."

Tulichoogopa zaidi ni mafuriko ya jua kali. Mvua hunyesha juu Oldeani, sisi huku chini hatuoni hata wingu, mara mto unashuka na kubomoa mfereji. Kwa hiyo mgawa maji huyatazama maji, si mbingu. Akiona takataka nyingi zinaelea, anafunga.

Mwaka wangu wa pili, asubuhi ya zamu ya Mama Safari, niliona maganda mekundu yametanda mtoni. Mama Safari alikuwa mjane, na miche yake ya vitunguu, aliyoihamishia shambani juzi yake, ilikuwa imeanza kulala. Nikafunga. Akaja na jembe begani, akautazama mfereji mtupu.

"Baha, maji yangu yako wapi?"

"Mafuriko yanakuja, mama. Subiri kidogo."

"Nisubiri nini? Miche inakufa."

Tulisubiri hadi alasiri. Mto haukupanda hata kidole. Nakiri nilifika mahali pa kuomba mafuriko yaje yabomoe chochote, ilimradi nisionekane mjinga. Ndipo akapita Mwenyekiti, akachota maganda kwa kiganja, akayanusa.

"Haya ni ya leo. Huko juu wanamenya kahawa. Mvua huleta majani meusi na mavi ya ng'ombe." Akanitazama. "Umefunga mto kwa sababu watu wamevuna."

Saa za Mama Safari zilikuwa zimekwisha, na kwa desturi yetu zamu iliyopita imepita. Nikawaendea wenye zamu zilizofuata, mmoja mmoja. Wote walinipa pole, hakuna aliyenipa maji. Sikuwalaumu, nao walikuwa na miche. Ila mimi nilikuwa na kishamba cha mahindi, yameanza kutoa mbelewele, wakati ambao mahindi hayavumilii kiu, na zamu yangu ilikuwa kesho yake asubuhi. Nikampa yote.

Siku tatu nilikwepa kupita kwake. Ya nne nikajikaza. Miche ilikuwa imesimama, karibu yote. Nilikaa chini pale pale, machozi yakanitoka kwa furaha.

"Inuka, Baha," alisema Mama Safari bila kuacha kupalilia. "Umekalia vitunguu vyangu."

Mahindi yangu yaliishia kuwa mabua. Nilitegemea ugomvi nyumbani, lakini mke wangu alisema tu, "Afadhali ugali wa kununua kuliko kupishana na yule mama umeinamisha kichwa."

Mwaka huu nimestaafu. Mgawa maji wa sasa anapigiwa simu na watu wa juu mvua ikianza, nami nafurahi kwa ajili yake. Watu hunipa pole wakidhani nimeachana na kazi kwa uchungu. Wala. Nalala usingizi mzuri. Nilikosea mapema, nikamkosea mtu ambaye mahindi yangu yaliweza kumfidia. Wapo wenzangu, watu wazuri kuliko mimi, ambao kosa lao halikupata shamba la kulilipa.