Siku Nilipoteremka Ngazi na Chetezo

Ijumaa, tarehe kumi na sita Januari. Mvua tangu alfajiri, ile mvua ya Dubai inayonyesha kidogo tu na mji mzima unashikwa na butwaa.

Leo nimejiaibisha mbele ya jengo zima, na bora niandike mwenyewe kabla Hamisi hajaanza kuwasimulia watu, maana yeye akisimulia huongeza chumvi, na mkasa huu hauhitaji chumvi, uliingia jikoni umeshakolea.

Niko hapa kwa viza ya matembezi. Hamisi mume wangu anauza vitambaa dukani Bur Dubai, na ameniombea kibali cha ukaazi ili niache kuwa mke wa simu, lakini kibali hakitoki mpaka awe na mkataba wa nyumba wenye jina lake, na Hamisi hana nyumba, ana kitanda, kwenye chumba cha Karama anachochangia na mwenzake (mwenzake, Mungu amjalie, amehamia kwa binamu yake ili sisi tupate faragha, na ameniachia mpaka mto wake). Viza ikiisha kabla mkataba haujapatikana narudi Tanga, na tunaanza tena kuulizana umekula nini kwenye kioo cha simu.

Tumaini letu lilikuwa Bi Zuwena. Huyu ni mama wa Kiunguja aliyeolewa hapa tangu msichana, sasa mjane, ana nyumba kule Al Twar yenye chumba cha uani kilicho wazi, chenye mlango wake na jiko lake. Lakini hapangishi kwa kumwona mume. Husema waume wote wanaweza kuvaa shati safi siku moja, yeye humtaka mke amwone.

Basi mchana Hamisi akanipigia kutoka dukani. "Bi Zuwena atakuja baada ya alasiri. Wewe tulia tu, mke wangu, usifanye kitu."

Usifanye kitu. Nilikuwa nimeshafagia, nimeshapiga pasi, mchuzi wa papa niliyekuja naye kutoka nyumbani umeiva na nazi yake, nimeuzima nikaufunika. Na mimi nimelelewa kwamba mgeni wa heshima haingii chumba kinachonuka mchuzi wa papa, anaingia chumba kilichofukizwa. Udi ninao, wa kupika, mama alinifungia mwenyewe kwenye kopo. Chetezo ninacho, nilikizungushia khanga sanduku zima kisivunjike. Makaa yapo dukani hapo chini, yale ya duara yanayoshika kwa kiberiti. Sasa niambieni, mtu mwenye vitu vyote hivyo anatuliaje? (Pengine wapo wanaotulia. Mimi sikutulia.)

Na kwa kuwa muda ulikuwepo, nikasaga na liwa nikajipaka usoni, nikapaka na shingo, nikaona itakauka wakati chumba kinafuka, nitanawa, nitavaa, Bi Zuwena atanikuta nang'aa. Dirisha nililifunga kwa sababu ya mvua. Nikatia udi kwenye makaa, nikasimamisha chetezo katikati ya chumba, nguo za Hamisi nikazitandaza juu ya kiti zishike harufu, na moshi ukapanda vizuri kabisa, mweupe, mzito, nikafurahi nikasema hapa sasa pamekuwa nyumbani.

Darini kuna kidude cheupe chenye kitaa chekundu. Nilikiona tangu siku ya kwanza na nikadhani ni mambo ya umeme. Kumbe kilikuwa kinaningoja.

King'ora kilipolia sikuelewa kwamba kinanililia mimi. Nikasikia milango inafunguliwa, viatu, watu wanaitana kwa lugha zao, mtu anagonga mlango wangu na kupiga kelele za moto, na mimi nikafanya kile ambacho mama alinifundisha tangu nikiwa mdogo, kwamba moto hauachwi peke yake ndani ya nyumba. Nikajitupia buibui, nikakamata chetezo changu, nikatoka.

Lifti ilikuwa imejizima. Nikashuka kwa ngazi, na hapa ndipo lilipokuwa kosa kubwa zaidi, maana kila ghorofa niliyopita walikuwepo watu waliokuwa bado wanajishauri, wengine wameona ni kengele tu ya bure, halafu wanauona moshi unakuja kweli kwenye ngazi, basi wanarudi ndani kuchukua watoto na wanakimbia. Sikujua. Nilishuka nao tunahimizana, yalla, yalla, nikawa na mimi namwambia mama mmoja asiogope, Mungu yupo. Moshi ulikuwa unatutangulia na kutufuata na mimi ndiye niliyekuwa nautembeza.

Kule nje, chini ya kibaraza, tulisimama tumebanana kwa mvua. Moses, Mganda anayelinda jengo, alipanda ndani akashuka anahema. Akamwendea mpishi wa mgahawa wa chini, mtu mpole aliyetoka na aproni yake, akawa anamwonyesha bomba la moshi. "Rafiki, moto iko kwako. Kila siku mimi nasema safisha hiyo bomba." Mpishi anakataa kwa kichwa na mikono, watu wamemzunguka, wengine wanasema wataleta malalamiko, afungiwe.

Hapo ndipo nilipotazama mkononi mwangu.

Nieleze kwa haki. Jambo la kwanza nililofanya halikuwa kusema kweli. Jambo la kwanza lilikuwa kukiingiza chetezo ndani ya buibui. Niliwaza wataandika jina langu, jina litafika kule kibali kiliko, na Hamisi atabaki na kitanda chake. Nikawaza tena yule mpishi naye pengine ana kibali chake na watoto wanaomtegemea. Nikawa nawaza hivi na vile, na joto la makaa linanipanda tumboni.

Gari jeupe likasimama. Akashuka mama mtu mzima na mwavuli, ukaya umefungwa kichwani sawasawa, akapita katikati ya watu mpaka kwangu, maana mtu mweusi mwenye buibui nilikuwa peke yangu pale. (Baadaye alisema aliondoka Al Twar mapema akihofia barabara zitajaa maji.) Nikajua ni nani kabla hajasema.

"Shikamoo bibi," nikasema, na uso wangu umetandwa liwa kama ukuta uliopakwa chokaa.

"Marahaba." Akanitazama toka juu mpaka chini, akarudi katikati. "Mwanangu, unafuka."

Kweli nilikuwa nafuka. Moshi ulikuwa unatoka mikononi, shingoni, kwenye pindo. Na kabla sijajibu, dada mmoja wa Kifilipino wa ghorofa yetu, mwenye huruma zake, akaona mwenzake anaungua, akachukua ndoo ya kupigia deki iliyokuwa mlangoni akanimwagia yote. Chetezo kikalia shaaa. Liwa ikaanza kuteremka kwenye kifua. Nikakitoa chetezo nikakinyanyua juu watu wote wakione.

"Kaka Moses, mwache huyo. Moto ni wangu."

Mpaka sasa sijui kama ningelisema bila ile ndoo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, hilo nakumbuka, lakini huenda ilikuwa kukohoa.

Moses akakitazama chetezo, akanitazama mimi. "Madam, yaani wewe umetembea na moto floor zote?" Nikamwambia ndiyo. Akageuka kumwomba mpishi msamaha, na mpishi, badala ya kukasirika, alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, na kicheko chake ndicho kilichowarudisha watu ndani. Jina langu halikuandikwa popote. Moses alisema aandike nini, moto uliovaa buibui?

Hamisi alifika anakimbia akakuta mke wake amelowana kwenye kibaraza na Bi Zuwena ananusa chetezo. Akavua koti lake akanifunika mabegani. 

"Udi huu nani kaupika?" Bi Zuwena akauliza.

"Mama yangu, bibi."

 Alipanda ngazi zote mpaka juu, polepole, sisi nyuma, akakagua chumba, akagusa nguo zilizotandazwa kwenye kiti, akafunua sufuria. Mimi nilikuwa nimeshajikatia tamaa, najihesabu niko Tanga. Akakaa kwenye kitanda akamgeukia Hamisi.

"Nina wapangaji waliokimbilia nje na simu zao tu, jiko wameliacha linawaka nyumbani kwangu. Huyu kabeba moto wake. Jumatatu njoo tuandikishane." Halafu kwangu, bila kutabasamu: "Lakini udi utafukizwa uani. Na kanawe, liwa yako inadondokea shuka."

Kibali bado hakijatoka, hilo nisilipambe, na huenda kikachelewa. Lakini nimeapa kwamba sitawasha kitu tena ndani ya nyumba yoyote ya nchi hii kabla sijatazama dari, na nikiona kidude chenye kitaa chekundu nitakipisha kama mtu mzima.

Tulimpelekea mpishi bakuli la mchuzi wa papa kumwomba radhi, akaturudishia bakuli hilohilo limejaa chapati za parata, za moto. Basi usiku tumekula parata na mchuzi wa papa, watatu, juu ya kitanda kimoja, na Bi Zuwena amekomba sufuria kwa kidole.