Msumari wa Chawia na Sayari ya Wakesho

Enzi zetu kule Chawia, nchi ilikatwa kwa msumari. Mvua ikinyesha na udongo ukilainika, tulichora duara nyuma ya zizi la mbuzi, kila mtoto akapata kipande chake. Unarusha msumari kwenye shamba la mwenzako. Msumari ukisimama wima, unakata mstari na kumega. Ukilala, zamu yako imekwisha. Mikono ilinuka matope na kutu, baridi ya mlimani ikatutoa makamasi na hakuna aliyejali. Mama akipita na mzigo wake alisema, "Mkimaliza kugawana dunia, mniambie nani ameleta kuni."

Sheria ilikuwa moja tu. Hata ukishinda namna gani, lazima umwachie mwenzako pa kuweka mguu. Jirani yetu Mwakio alikuwa ananimaliza kila mara. Nilibaki nimesimama kwa unyayo mmoja kama korongo, naye ananicheka, "Chifu, usipige chafya, utavuka mpaka."

Shule niliacha darasa la tatu. Nilishuka Voi nikaponda kokoto, na leo nina duka la mabati na saruji, na sikushikwa mkono na mtu. Kwa hivyo sijazoea kitu kunishinda. Lakini mchezo wa mjukuu wangu Wakesho umenishinda.

Wakesho huja likizo na kompyuta yake. Humo ndani kuna nyota nyingi kama kumbikumbi, na yeye anaziteka. Watoto wa siku hizi, kukamata kuku wa kuchinja hawawezi, lakini wana majeshi angani. Siku nyingi tunakaa sebuleni bila neno. Basi juzi aliponiambia, "Babu, shika hii sayari moja uilinde, mi nashambulia huku," nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Sikutaka ajute kunipa.

Alinionyesha pa kubonyeza. Nikaona alama ya shamba, hiyo nikaelewa. Nikalima. Nikalima tena. Nikauliza mvua inatoka upande gani, akasema huko hakuna mvua. Sasa chakula kinaota na nini? Mara vitu vyekundu vikajaa pembeni, nikadhani ni nyanya zimeiva.

"Babu, hizo ni meli za vita. Umejenga ngapi?"

"Mashamba?"

"Meli, Babu."

"Nijenge meli na bahari hakuna?"

Sayari ikaenda, adui akaichukua. Nikamwambia amwombe huyo mtu aniachie pa kuweka mguu. "Hapa hakuna mguu, Babu," akasema, lakini alikuwa anacheka, na kiti akakisogeza karibu na changu. "Nitakupa ingine. Hiyo usilime sana."

Nikauliza ni nani basi aliyeninyang'anya. Akasema hajui, ni mtu tu, labda yuko Brazili, labda Uchina, jina lake ni herufi na namba. Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Mwakio akinimalizia nchi mchana, jioni nilikuwa kwao, kimanga cha moto, muhogo na maharagwe ya kuponda, sahani moja, tunagombania ukoko kwa vidole vya matope, na mama yake anauliza leo tajiri ni nani. Mimi sasa nimenyang'anywa dunia nzima, na aliyeichukua sijui nikale kwake wapi.